Rafu ya wenye manyoya

Nakuru, Jumapili

Mvua imenyesha tangu adhuhuri, nami nimeutumia muda huo kupanga upya rafu ya vitabu vya wanyama. Rafu hii ni ya wenye manyoya pekee, wa porini na wa kufugwa: simba, mbega, fisi, pimbi, punda, paka, sungura. Vingi nilivipata kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza turubai kando ya barabara hapa mjini, na vichache vimetoka Kisumu. Anayevisoma zaidi ni mtoto wa kaka yangu. Hulala kifudifudi sakafuni, akamaliza kimoja, kisha akaniuliza swali lile lile: "Shangazi, huyu aliyeandika alimwona mnyama mwenyewe?"

Swali hilo ndilo lililonipangia rafu. Zamani nilitenganisha vya porini na vya nyumbani. Leo nimeweka upande mmoja vitabu vya watu waliokaa na mnyama hadi akawashangaza, na upande wa pili vile ambavyo mnyama ni jina tu juu ya binadamu. Upande wa kwanza ni mfupi.

Vazi si kosa. Beatrix Potter, mwandishi wa Uingereza, alimvalisha sungura wake koti katika kitabu cha watoto cha mwaka 1902, lakini alikuwa amefuga sungura nyumbani na kuwachora kwa miaka mingi. Ndiyo maana chini ya lile koti mgongo umekaa inavyopasa na masikio yanaposikiliza yanasikiliza kweli. Tatizo langu ni jingine. Huyo ni sungura wa mashimo ya Uingereza, mwenye tabia za hao tunaofuga kwenye vizimba hapa Njoro. Watoto wao huzaliwa uchi na vipofu, na mama hujinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni ili awatandikie kiota. Mtoto wetu ameyaona hayo kwa macho yake, akanyamaza asubuhi nzima. Sungura wetu wa porini, yule wa ngano za usiku, hachimbi shimo. Huzaa juu ya ardhi, penye majani, na watoto hutoka na manyoya yao tayari, macho wazi. Hana pa kujificha isipokuwa kutulia tuli au kukimbia. Nilipolielewa hilo, ngano zote za ujanja wake zilibadilika kwangu. Wazee waliozitunga walikuwa wamemtazama mnyama asiye na nyumba, wakaona kwamba hana budi kuwa na akili.

Kwa fisi, wazee hao hao hawakuwa na huruma. Karibu kila ngano ninayoijua humfanya mlafi na mpumbavu anayekula mabaki ya wenzake. Mwaka 1972 mtafiti wa wanyama Hans Kruuk alichapisha kitabu juu ya fisi wenye madoadoa wa Serengeti na Ngorongoro, baada ya kuwafuata usiku kwa usiku. Alionyesha kwamba fisi ni mwindaji hodari, na kwamba kule Ngorongoro mara nyingi ni simba aliyekuja kumnyang'anya fisi mawindo, wala si kinyume chake. Majike ndio wakubwa kwa mwili na ndio wenye amri. Kitabu kile kina majedwali mengi, na bado nakipenda kuliko riwaya kadhaa zilizo karibu nacho, kwa kuwa kilimrudishia mnyama heshima yake.

Lakini kilichochakaa kuliko vyote ni Born Free cha Joy Adamson, cha mwaka 1960. Mwaka 1956 mumewe George, aliyekuwa bwana nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, huko kaskazini mwa Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Wawili walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam. Elsa, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, akabaki. Walimlea, wakamfundisha kuwinda, wakamwachia huru Meru, na huko akazaa watoto watatu wake mwenyewe. Januari 1961 alikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kupe! Mnyama aliyekuwa ameanza kujulikana dunia nzima aliondoka kwa ugonjwa wa aina ambayo mfugaji yeyote wa huku magharibi mwa Kenya, mwenye ng'ombe wawili, huipigania kila wiki kwenye josho.

Katika nyumba hiyo ya simba mlikuwa na pimbi, jina lake Pati-Pati, aliyejitwalia kazi ya yaya wa wale watoto. Sehemu hiyo naipenda kupita kiasi. Pimbi tunao hapa kwetu, kwenye majabali yanayotazama Ziwa Nakuru, na wageni huwapita mbio wakienda kutafuta faru. Asubuhi hujianika juani kwa sababu miili yao haihimili baridi vizuri, na jamaa yao wa karibu katika ukoo wa wanyama ni tembo. Mnyama wa ukubwa wa sungura, jamaa wa tembo, akiwakemea wana wa simba sebuleni: hakuna mtunzi angethubutu kulibuni jambo hilo.

Na humo humo kuna jina ambalo kila nikilifikia husimama. Nuru. Alikuwa mtunza bustani wa nyumba hiyo, akakabidhiwa kukaa na watoto wa simba. Yupo pia Makedde, askari wa wanyamapori, aliyeandamana nao porini. Joy aliwataja, na namshukuru, maana bila yeye nisingeyajua majina yao. Hata hivyo aliyekaa kivulini na Elsa mchana kutwa, akamfukuzia nzi, akajua ameshiba au amenuna, alikuwa Nuru. Kitabu cha Nuru hakipo. Nikienda Elsamere, ile nyumba ya Joy kando ya Ziwa Naivasha ambayo sasa ni makumbusho, ndani ya kaunti yetu hii hii, huwa natazama picha na samani, kisha nawaza lugha ambayo Nuru angeiandikia. Nadhani angeandika Kiswahili. Nadhani kingekuwa kitabu kifupi, chenye mambo ambayo mwenye nyumba hakuwa na muda wa kuyaona.

Huko Elsamere miti ina mbega, na mbega hunirudisha kwa kukhu, bibi yangu wa upande wa Kakamega, aliyezaliwa na kuzeekea kando ya msitu. Nimesoma kwamba mbega hana kidole gumba, kwamba mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima na hubadilika polepole, na kwamba majike wengine humpokea na kumbeba. Nimesoma pia kwamba mwishoni mwa karne ya 19 ngozi zao zilisafirishwa kwa wingi hadi Ulaya kutengenezewa makoti ya wanawake. Nilipomsomea kukhu habari ya mtoto mweupe alinitazama kwa mshangao. "Mjukuu wangu, kwani hilo nalo liliandikwa? Sisi tulikuwa tukiamka kwa sauti zao. Wakinguruma kabla ya alfajiri ulijua jembe limekaribia." Kisha akaeleza jinsi majike walivyomgombea mtoto mchanga, nani alipewa na nani alinyimwa, kwa mfuatano ambao sijaukuta mahali popote kwenye rafu yangu. Macho yake sasa ni hafifu. Masikio yake yangali makali, na kila likizo tunakaa naye na daftari.

Magharibi mwa Kenya hakujakosa waandishi wa kuonyesha njia. Asenath Bole Odaga aliandika kwa Kiingereza na Dholuo, alikusanya masimulizi ya Waluo, na katika miaka ya 1980 akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji hapo hapo Kisumu. Kitabu chake cha watoto chenye hadithi ya blanketi la sungura kilitoka mwaka 1967. Mwanamke mmoja mjini Kisumu aliamua kwamba hadithi za mahali hapa zichapishwe mahali hapa. Ninapokumbuka hilo najua kwamba ninachokitamani kinawezekana: kitabu cha Kiswahili juu ya nzohe, kwa mfano. Huyu ni swala mwenye manyoya marefu yasiyoingiza maji na kwato ndefu zinazopanuka ili asizame matopeni, na akitishwa huzama majini akaacha pua tu. Mbuga ya Saiwa, karibu na Kitale, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili yake, nayo ndiyo mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini. Mtoto wa Trans Nzoia anaweza kumaliza shule bila kukutana na nzohe kwenye ukurasa wowote, huku akijua dubu anakula nini.

Wa nyumbani nimewaacha mwisho kwa sababu kuna kitabu kimoja ambacho hunitoa machozi hadi leo, Black Beauty cha Anna Sewell, cha mwaka 1877. Farasi mwenyewe ndiye anayesimulia. Sewell aliumia miguu akiwa mtoto, akategemea magari ya farasi maisha yake yote, na alikufa mwaka 1878, miezi michache baada ya kitabu chake hicho cha pekee kutoka. Aliandika juu ya hatamu iliyomlazimisha farasi kuinua kichwa ili apendeze huku shingo ikimuuma, na wasomaji wakaanza kuipinga. Nikikisoma sioni farasi. Naona punda wa mikokoteni ya maji ya mtaa wetu.

Mzee anayetuletea maji ana punda mmoja. Jana nilimuuliza kwa nini kila akifika penye kona husimama na kugeuza shingo upande wa kushoto.

"Mama, hapo ndipo mwenzake alipokuwa akifungwa. Wawili hawa walivuta pamoja tangu wakiwa vijana. Aliibwa wakati ule wa biashara ya ngozi za punda, kabla serikali haijapiga marufuku uchinjaji wao mwaka 2020. Huyu alikaa bila kugusa nyasi, nikadhani nitawapoteza wote wawili."

"Na wewe ulifanya nini, mzee?"

"Nililala naye zizini."

Nilimwomba aniruhusu kuandika, akakubali, akaegemea mkokoteni na kuongea hadi madumu yote yakajaa. Alisema punda haonyeshi maumivu upesi, kwa hiyo mwenye punda asiangalie mwendo, aangalie masikio: yakiacha kuzunguka, mzigo ushushwe. Jumamosi ijayo ataniambia habari za kwato. Anasema hapo ndipo vijana wengi wanaonunua punda kwa mara ya kwanza hukosea, na kwamba nije na daftari kubwa zaidi.