Siku Moja Maishani Mwangu: Kufunga Mabampa kwenye Pikipiki ya Safari Ndefu

Saa 1:30 asubuhi

Nilipofika karakana, pikipiki ilikuwa imeshanitangulia. Mwenyewe, dada mmoja ambaye husafiri nayo majuma mazima akiwa peke yake, alikuwa ameisimamisha kwa stendi ya pembeni mbele ya mlango, na boksi refu la kadibodi lenye mabampa, yale mabomba ya chuma ya kukinga ubavu wa injini, lilikuwa limefungwa kwa mipira juu ya kiti cha abiria. Hata salamu hazijaisha nilikuwa nimeshainama kutazama ubavu wa kushoto. Kava la plastiki lilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, ncha ya mkono wa klachi ilikuwa imekatika, na pedali ya gia ilikuwa imepinda kuelekea injini, lakini sikuona mkwaruzo mrefu hata mmoja. Mikwaruzo mirefu huachwa na mashine iliyoburuzika barabarani, na hii ilikuwa imeanguka ikiwa imesimama.

"Nilikanyaga kokoto nikiwa nasimama, mguu ukateleza," alisema. "Nikajaribu kuizuia, lakini ilipovuka pale..." Hakumaliza, wala hakuhitaji kumaliza. Pikipiki ya safari yenye tangi lililojaa na masanduku ya mizigo huweza kupita kilo 250, na ikishainama kupita kiasi fulani hakuna paja la mtu linaloweza kuirudisha.

Kisha akaniuliza swali ambalo karibu kila mteja wa kazi hii huniuliza: "Fundi, nikishafunga haya, miguu yangu itakuwa salama?"

Nilimjibu kwamba asiyafunge kwa tumaini hilo. Mwaka 1981 ilichapishwa nchini Marekani ripoti ya utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao watafiti wake walichunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Kuhusu mabampa waliona kwamba nafuu iliyopatikana kwenye kifundo cha mguu na wayo ilifutwa na majeraha yaliyoongezeka kwenye goti, paja na sehemu ya chini ya mguu. Nikamweleza kwamba kazi ya chuma hiki ni kulinda rejeta, vifuniko vya injini na tangi, ili mashine ikianguka mahali pasipo na msaada aweze kuiinua na kuendelea, na kwamba mguu utafutiwe buti.

"Basi ndicho ninachokitaka, niweze kuendelea," alisema, akanikabidhi ufunguo.

Saa 2:15 asubuhi

Kijana ninayemfundisha kazi alitandika tambara sakafuni, tukapanga kila kilichokuwa ndani ya boksi: bampa la kushoto, bampa la kulia, bomba fupi la kuyaunganisha kwa mbele chini ya injini, spesa, vibanio na bolti. Mabomba yalikuwa ya chuma chenye kipenyo cha milimita 25, yamepakwa rangi nyeusi ya unga iliyookwa. Nilipitisha kidole kwenye kila kiungo kilichochomelewa, nikihakikisha kwamba mchomeleo umezunguka bomba lote na haukuishia upande unaoonekana tu, kwa kuwa rangi nzuri huficha mengi.

Wateja wengi hupenda bampa nene lisilopinda, na mimi ndilo ninaloliogopa. Bampa lisilokubali kupinda hulipeleka pigo lote kwenye masikio ya injini yanayolishikilia, na sikio la aluminiamu likipasuka, injini nzima hushushwa. Ni afadhali chuma kipinde, tukitupe, tufunge kingine. Hofu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nisivipende sana vile vifundo virefu vya nailoni vinavyofungwa kwa bolti moja badala ya bampa, kwani kadiri kifundo kinavyochomoza ndivyo kinavyofanya kazi kama mtaimbo dhidi ya bolti yake. Bomba la kuunganisha nalo halikuwekwa kwa urembo. Bila hilo kila bampa hupambana peke yake, lakini likiwapo, pigo la kushoto hugawanywa hadi kulia.

Wenye pikipiki za BMW zenye silinda zilizochomoza kulia na kushoto, mpangilio uliopo tangu R 32 ya mwaka 1923, hawahitaji maelezo marefu, kwa sababu kwao kifuniko cha silinda ndicho kinachotangulia kugusa ardhi.

Saa 3:00 asubuhi

Saa hii nzima niliitumia kwa bolti, na kijana alianza kuchoka. Mabampa haya hufungwa penye bolti zile zile zinazoishikilia injini kwenye fremu, kwa hiyo bolti ya kiwandani hutoka na nafasi yake huchukuliwa na nyingine iliyo ndefu kidogo. Nilimwambia asome namba iliyo kichwani: 8.8. Namba ya kwanza humaanisha kwamba chuma hicho huhimili msongo wa megapaskali 800 kabla ya kukatika, na ya pili kwamba kikifika asilimia 80 ya hapo huanza kurefuka bila kurudi. Bolti isiyo na namba kichwani haiingii kwenye injini ninayoifunga mimi.

Kisha tukapima. Bolti ya kiwandani ilikuwa na milimita 110, mpya 115, na bamba la bampa lilikuwa na unene wa milimita 5. Hesabu ilikubali, maana nyuzi za bolti zitakazoshika ndani ya injini zitabaki zile zile. Ikiwa fupi, nyuzi chache za aluminiamu hubeba mzigo wote na kung'oka. Ikiwa ndefu kupita kiasi, hugonga mwisho wa tundu, mkono ukahisi imekaza ilhali bamba bado linacheza, na ukizidi kuisukuma unaweza kulipasua tundu lenyewe.

Saa 4:10 asubuhi

Tulitoa makava ya plastiki, tukaweka jeki chini ya injini na kipande cha ubao juu yake ili chuma kisiguse sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Katika pikipiki nyingi za namna hii injini ni sehemu ya fremu, na ukitoa bolti zote kwa pamoja kila kitu hushuka milimita chache na hakirudi kwa hiari. Kanuni yangu ni kwamba inatoka bolti moja, inaingia moja, ndipo unaihamia inayofuata.

Ya kushoto mbele ilikataa. Niliinyunyizia mafuta ya kupenya kutu, nikasubiri, nikaigonga kichwani mara kadhaa kwa nyundo ndogo, kisha nikaizungusha robo mbele na robo nyuma hadi ikaanza kulia. Ilitoka imefunikwa unga mweupe kuanzia katikati hadi nchani, ulioachwa na chuma na aluminiamu vilivyokaa pamoja penye unyevu. Tundu tulilisugua kwa brashi ya shaba nyeupe, tukalipuliza kwa upepo wa kompresa mpaka bolti mpya ikaingia kwa vidole vitupu hadi mwisho.

Saa 5:30 asubuhi

Hapa nilifanya kosa ambalo nimewakanya wengine mara nyingi. Bampa la kushoto lilikaa vizuri mno, nami kwa furaha ya kuishinda ile bolti nikalikaza moja kwa moja. Tulipofika kulia, tundu la juu la bampa lilikuwa limepishana na tundu la fremu kwa milimita 3 hivi, na bomba la kuunganisha likagoma kabisa. Kijana akaniletea tupa. "Nilipanue kidogo, fundi?"

"Rudisha," nilimwambia. "Kosa ni langu." Tundu likipanuliwa, bampa hubaki na nafasi ya kuteleza, na rangi ikishachubuliwa hapo kutu huwa imekaribishwa. Tukalegeza kila kitu, hata kile kilichokuwa kimekaa sawa, tukaziingiza bolti zote kwa vidole mizunguko mitatu mitatu, tukaliweka bomba la kuunganisha likiwa bado linacheza, kisha nikayashika mabampa yote mawili na kuyatikisa kama mtu anayetikisa geti. Tundu la kulia likajileta lenyewe.

Ndipo tulipokaza kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo, na kumalizia kwa spana ya kupimia mkazo. Kipimo cha bolti za injini nilikitoa kwenye kitabu cha pikipiki yenyewe, maana karatasi ya bampa ilikuwa na jedwali la jumla tu. Penye maagizo ya kupaka gundi ya nyuzi nilitumia ile ya bluu, ambayo hufunguka kwa spana ya kawaida. Nyekundu hudai moto, na moto karibu na tangi la petroli sina hamu nao. Mwisho nilichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye bamba, ili bolti ikizunguka mstari ukatike na ionekane.

Saa saba tukapumzika.

Saa 8:00 mchana

Ukaguzi ulianzia kwenye usukani, nikauzungusha hadi mwisho pande zote mbili huku kijana akiangalia nyaya na mpira wa breki. Kisha akapanda na kuididimiza shokapu ya mbele kwa nguvu zake zote ili tuone kama madigadi yanalikaribia bomba. Hayakulikaribia, ila honi ilikuwa imeligusa, nasi tukaigeuza kibanio chake. Chujio la oili lilitoka na kurudi bila kugusa bampa, na bolti ya kumwagia oili ilifikika. Bampa linalomlazimu mtu kulifungua kila anapobadilisha oili litafungwa vibaya siku moja, na siku hiyo sitakuwapo.

Jambo linalosahaulika ni kona. Niliegemeza ubao ulionyooka kutoka ukingo wa tairi hadi ncha ya kikanyagio, nikachukua pembe yake, nikaihamishia mbele kwenye bampa. Bampa lilibaki ndani ya pembe hiyo kwa nafasi ya kutosha. Dereva akiinama kupita kiasi kwenye kona, kikanyagio kinachokunjika ndicho kinachopaswa kumwonya, kwa sababu chuma kisichokunjika kikitangulia kugusa lami kinaweza kuinyanyua tairi.

Saa 9:20 alasiri

Mwenyewe aliporudi tulitandika mkeka mzito wa raba, tukazima kila kitu, na watu watatu tukailaza pikipiki polepole ubavu wa kushoto. Ilitua juu ya bampa na ncha ya usukani. Kati ya tangi na mkeka kulikuwa na nafasi ya vidole vinne. Rejeta na kifuniko cha klachi vilikuwa juu kabisa.

"Sasa iinue mwenyewe," nilimwambia. Aliushika usukani kwa mbele. Nikamsimamisha, nikamwonyesha: gia iwe imeingia ili gurudumu lisitembee, makalio yaegemee ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike mpini wa usukani uliogeuzwa na mwingine ushike fremu, kisha arudi nyuma kwa hatua fupi akisukuma kwa miguu. Ikiwa imelala kulia, atangulie kuifungua stendi ili isimpite na kuangukia upande wa pili. Mara ya kwanza alikwama nusu. Mara ya pili ilisimama, naye akasimama nayo akihema.

Saa 10:30 jioni

Niliiendesha kilomita 15, za taratibu na za mwendo mkubwa, nikisikiliza mtetemo mikononi na vioo kama vinafifisha picha. Injini ilipopoa tulizipitia alama nyeupe moja moja. Za injini zilikuwa zimenyooka. Kibanio kimoja cha juu kilikuwa kimezunguka upana wa mstari wenyewe. Tukakitoa, tukakisafisha, tukakikaza upya kwa kipimo. Nikaandika kwenye daftari kwamba arudi baada ya kilomita 500 hivi zote zipimwe tena.

Bolti za kiwandani kijana alikuwa amekwisha kuzitia kwenye mfuko mdogo, kila moja na utepe wenye jina la tundu lake. Nilimwomba dada auweke chini ya kiti na usitoke humo. Bampa likipinda hata kuuzuia usukani atalifungua pale pale barabarani, na hapo bolti za milimita 115 zitakuwa ndefu kwa milimita 5. Aliufungua mfuko, akasoma tepe zote nne, akaufunga.