Uzi Uliokuwa Ukiteleza

Desemba ya mwaka 1988, nikiwa na umri wa miaka 17, nilikuwa nikijifunza ufundi wa redio katika kibanda cha mjomba wangu, Ngamiani, mjini Tanga. Asubuhi moja mwalimu mstaafu alituletea redio yake ya Philips, ile ya vali, yaani taa za kioo za kukuza mawimbi, yenye sanduku la mbao, akaeleza kwamba akizungusha nobu ya kutafutia stesheni mshale hausogei, na ukisogea huruka, hasa kwenye masafa mafupi, ambako upana wa unywele hutenganisha stesheni moja na nyingine. Alikuwa ameambiwa kwamba redio hiyo imekufa.

Mjomba alichomoa waya wa umeme, akasubiri chaji iishe kwenye kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme, kisha akafungua mgongo. Uzi mwembamba ulitoka kwenye mhimili wa nobu, ukapita kwenye vigurudumu vinne, ukalizunguka gurudumu kubwa la kapasita ya kutafutia stesheni na kurudi, huku ukiuvuta mshale. Ulikuwa umechakaa na kulegea, na springi ya kuukaza ilikuwa imechoka.

Nilichukua mkasi nikaukata, bila kuchora kwanza njia uliyopita.

Mjomba hakunigombeza. "Mjomba, sasa tusome alama," alisema, akanisogezea taa. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limeganda kila mahali isipokuwa pale uzi ulipokuwa ukisugua, na juu ya mhimili palikuwa na mikwaruzo mitatu inayong'aa, iliyotuonyesha kwamba uzi ulizungushwa pale mara tatu. Kazi hiyo ilitumaliza mchana kutwa, na hadi leo naiona kuwa ndiyo sehemu bora ya ufundi niliopata kwake. Nilichora kila kona kwenye karatasi ya daftari.

Tulijaribu kwanza mshipi wa kuvulia samaki. Ulikuwa na nguvu za kutosha, lakini nailoni ile laini iliteleza juu ya chuma na kurefuka kila ilipokazwa. Ndipo Mjomba alipotoa uzi wa kusokotwa, akausugua kwa kipande kikavu cha ulimbo tuliotumia kwenye lehemu ili ushike, akafunga springi mpya iliyovutika nusu tu ya uwezo wake. Grisi iliyokuwa imekauka kwenye ekseli ya kapasita tuliiondoa kwa spiriti, tukaweka tone moja la mafuta ya cherehani, tukijihadhari lisiguse mhimili wa nobu, kwa kuwa mafuta pale yangerudisha utelezi uleule.

Mwisho tulifunga mabamba ya kapasita ya kutafutia stesheni yaingiliane kabisa, hali ambayo redio hupokea masafa ya chini kuliko yote ya bendi, tukaupeleka mshale kwenye ncha hiyo ya kioo na kuubana kwenye uzi.

Jioni mwalimu alikuja. Nilimwamkia, naye akaitikia huku mkono wake ukiwa tayari kwenye nobu. Alizungusha polepole, mshale ukamfuata bila kuruka, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikatulia mahali pake. Alisikiliza kwa muda mrefu akiwa amesimama, na alipokuwa akisikiliza Mjomba aliuchukua mchoro wangu, akaupaka gundi na kuubandika upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma, kwa ajili ya fundi atakayeifungua redio ile baada yetu.