Mkanda Usio na Jalada

Mkanda wenyewe uliingia Ngamiani, mtaa wetu pale Tanga, ndani ya boksi la sabuni, pamoja na mingine kama kumi na mitano ambayo mjomba aliinunua kwa mkupuo kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama kutoka shamba la mkonge. Haukuwa na jalada wala maandishi. Alichoambiwa mjomba ni kwamba ni picha ya mauaji, katika mji uliojengwa juu ya maji. Kwa kibanda cha video hayo yalitosha. Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: MAUAJI MJI WA MAJI, SAA MBILI USIKU, SH. 100.

Mwaka ulikuwa 2002. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu pale ilikuwa kukaa kando ya televisheni na maikrofoni, nikitafsiri. Picha za Kihindi hazikunihitaji sana, na za ngumi zilijitafsiri zenyewe. Mimi niliitwa kwenye picha za maneno mengi. Spika moja ilikuwa ndani, nyingine mjomba aliifunga juu ya mlango ili wapita njia wasikie, wavutike. Chini ya spika hiyo ya mlangoni, kwenye kigoda, alikuwa anakaa Mama Mdogo na karai lake la mihogo.

Alikuwa amerudi kwenye biashara wiki ile ile, siku chache baada ya arobaini ya binti yake. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Alikwenda Sahare na wenzake kuokota kombe maji yalipokupwa, na siku hizo zilikuwa za bamvua, maji yanayorudi kwa kasi kuliko mtoto anavyoweza kukimbia. Wenzake walirudi kwa miguu yao. Yeye aliletwa na wavuvi.

Mimi ndiye niliyetumwa kwa mama yake. Wazee walinivuta pembeni wakanifundisha la kusema, kama inavyofanywa kwetu, maana habari ya msiba haitupwi kwa mtu, inapelekwa taratibu. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwambia mtoto amezidiwa, yuko hospitali, watu wako naye. Hakupiga kelele. Alipika uji. Alipika uji wa mchele palepale, akautia sukari na ndimu, akaumimina kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu, akakunja gauni safi na kanga ya kumfunikia mtoto. Wakati anakaza kifuniko cha chupa akaniuliza, "Ameongea?" Nikasema, "Ameongea kidogo."

Hilo la kuongea sikufundishwa na mtu. Nililitoa mwenyewe, kwa sababu aliniangalia.

Tukatembea naye mpaka hospitali, chupa kaikumbatia kifuani. Tangu niliposema yale mpaka alipouona mwili, zilipita kama saa mbili.

Basi usiku ule kibanda kilijaa. Mabenchi yote, na watoto chini mbele. Picha ikaanza: bustani ya nyumba huko Uingereza, mtoto wa kike kavaa koti la mvua jekundu, anacheza na mpira kando ya bwawa. Kaka yake anaendesha baiskeli kwenye nyasi, anapita juu ya kioo, kioo kinavunjika. Ndani, baba anatazama slaidi za kanisa. Glasi inapinduka, maji yanaingia kwenye slaidi, na wekundu unaanza kutambaa juu ya ile picha ya kanisa kama kitu chenye uhai. Baba anainuka. Hakuna aliyemwita. Anatoka mbio.

Nililiona linalokuja. Nilitazama mlangoni, nikaona kisigino cha Mama Mdogo na moto wa jiko. Baba akajitosa bwawani, akamtoa mtoto, akasimama naye mikononi huku akitoa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Hapo mkono wangu ukapeleka maikrofoni mdomoni.

"Kamuwahi," nikasema. "Mtoto kazirai tu."

Papo hapo mama mtu anawaona, anapiga ukelele, na ule ukelele unageuka kuwa sauti ya kekee inayotoboa ukuta. Tuko Venice, msimu wa baridi. Mume yuko kazini, anakarabati kanisa. Hatukuoneshwa maziko, wala hakuna aliyetaja siku ngapi zimepita.

Uongo ule ukaanza kudai chakula. Wanawake wawili wa makamo, ndugu, mmoja kipofu, wanakutana na mke mgahawani. Kipofu anamwambia amemwona binti yake ameketi katikati yao wazazi, anacheka. Nikatafsiri kwamba wanaulizia habari za mtoto aliyebaki nyumbani. Mke anarudi mezani, anaanguka, anazirai. Nikasema amekumbuka nyumbani. Watu wakaanza kuguna.

"Huyo mtoto si kapona? Sasa hawa wanalilia nini?" Huyo alikuwa fundi baiskeli wa jirani, mtu asiyekubali kitu kisichofungika.

Kuli mmoja wa bandarini akajibu kwa uhakika kwamba mkanda umeungwa vibaya, vipande vya mwisho vimewekwa mwanzo. Na kweli picha yenyewe ilikuwa hivyo. Katikati ya maneno ya kawaida kinachomoza kioo kilichovunjika, au maji, au kitu chekundu kinachopita pembeni ya mfereji, kisha kinapotea. Ikaja sehemu ya mume na mke chumbani. Mjomba akaipeleka mbele haraka kwa heshima ya waliokuwepo. Nilipoitazama tena ukubwani nikakuta hata hapo nyakati zimesukwa: wanavua na wanavaa, sasa na baadaye, kwa zamu. Usiku ule tuliona tu kwamba mjomba naye anakata.

Kisha ikaja ile mashua. Mke amesafiri kurudi Uingereza kwa sababu mtoto wao wa kiume kaumia shuleni. Mume yuko palepale Venice, na ghafla anamwona mkewe amesimama juu ya mashua, amevaa nguo nyeusi, pamoja na wale ndugu wawili. Anamwita. Haitiki. Baadaye anapiga simu Uingereza, anaongea na mke, yuko huko huko.

Kibanda kikalipuka. "Mkanda mbovu! Rudisha hela!" Mjomba akasimama, hajui amjibu nani.

Ndipo mwanga wa mlangoni ukazibwa. Mama Mdogo alikuwa amesimama kizingitini na upawa wake mkononi, mafuta yanadondoka. Hakupaza sauti.

"Mtoto kafa," akasema. "Sema kafa."

Hata watoto wa mbele walinyamaza. Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nikasema, "Kafa. Alikufa palepale bwawani." Neno likatoka ndani, likatoka na juu ya mlango, juu ya kichwa chake yeye mwenyewe, likaenda barabarani. Mjomba akanyoosha mkono kuizima deki.

"Kaka, iache."

Akaingia, akaketi benchi la mbele. Nikatafsiri mpaka mwisho bila kuongeza wala kupunguza, na nikalazimika kurudi nyuma kuwaeleza upya yule kipofu alisema nini hasa, na kwamba wale ndugu walituma onyo: mume aondoke Venice, uhai wake uko hatarini. Hakuondoka. Usiku anakiona kijitu chenye koti jekundu kikikimbia vichochoroni, anakifuata, anakiita kwa upole kama anavyoitwa mtoto. Kinageuka. Ni kibibi kibeti chenye kisu. Na damu ikimwagika, vile vipande vyote vilivyokuwa vikichomoza ovyo vinarudi mfululizo, kila kimoja kinapata mahali pake. Mwisho ni mashua ile ile. Ilikuwa imebeba jeneza lake. Aliyoyaona yalikuwa maziko yake mwenyewe, na hakuyatambua.

Taa ikawashwa. Kilichowauma vijana ni kwamba stelingi kafa. Stelingi hafi; na akifa, basi afe kwa vita, si kwa kisu cha bibi. Wengine waliona wamedanganywa, saa mbili wamesubiri muuaji wakaletewa kikongwe. Kuli akabadilisha maneno yake bila aibu: mkanda hauna kosa, mtu yule alijaliwa macho ya ndani akayakataa, na ajaliwaye jicho akalifumba ndiye anayejikwaa kuliko kipofu. Nilimwelewa. Bado naona alisema vizuri kuliko mengi niliyokuja kusoma.

Muuza kahawa, mzee ambaye huingia bure kwa sababu ya birika lake, alikuwa na lalamiko jingine kabisa. "Matanga yako wapi?" akauliza. "Mtu kafiwa na mwana, halafu tunamkuta ugenini anatoboa ukuta. Nani kakaa naye? Nani kamsukumia sahani akamwambia kula? Angekuwa na watu, asingepata nafasi ya kukimbiza koti usiku peke yake."

Fundi baiskeli akamjibu taratibu, "Hata kwetu, mzee, siku ya tatu mikeka inakunjwa."

Mzee hakuwa na jibu. Nadhani wote tuliangalia chini, kwa sababu tulimkumbuka aliyeketi benchi la mbele.

Mama Mdogo akageuka. "Haukuungwa vibaya," akamwambia kuli, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa limemkaa. "Mimi ndivyo ninavyokaa. Naamka alfajiri nawasha jiko, mara nina chupa ya uji mkononi, nakwenda hospitali, na mtoto ameongea kidogo. Halafu niko jikoni tena." Akanyamaza. "Huyu bwana kasumbuliwa na koti moja jekundu, mji mzima. Mimi ikifika saa nane mchana, barabara yote ni sketi za buluu."

Hakuna aliyesema pole. Pole tulikuwa tumeimaliza zamani. Mzee wa kahawa alimimina kikombe, akainuka nacho, akampelekea pale alipo, akamwita kwa jina la mtoto: Mama Fulani, jina ambalo sitaliandika hapa. Tangu msiba mtaa ulikuwa umeliacha. Watu walikuwa wakimwita dada, bibie, wewe mama, chochote cha kukwepa. Alipokea kikombe kwa mikono miwili.

Miaka mingi baadaye, kwenye kompyuta, nililijua jina la picha ile: Don't Look Now, ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Nicolas Roeg, mtu aliyeanza kwa kushika kamera, mke ni Julie Christie, mume ni Donald Sutherland. Ilitokana na hadithi fupi ya Daphne du Maurier. Niliitafuta hadithi hiyo nikaisoma usiku mmoja, na kitu kimoja kilinisimamisha. Humo mtoto hafi maji. Anakufa kwa homa ya uti wa mgongo. Bwawa liliongezwa na watu wa sinema. Nililifikiria sana hilo: kama mkanda ungeifuata hadithi, nisingekuwa na sababu ya kudanganya usiku ule, na pengine yale mengine yasingesemwa kamwe.

Watu wakatoka. Mjomba akaenda kufungia baiskeli. Mama Mdogo akabaki.

"Nioneshe tena mama wa mtoto. Pale mwisho."

Nikarudisha mkanda nyuma, nikausimamisha mashuani. Zile deki zikisimamishwa picha hutetemeka na mistari myeupe hupanda juu, kwa hiyo alisogea karibu, akafuta kioo kwa ncha ya kanga, akamtazama. Yule mwanamke amesimama katika nguo nyeusi na wale ndugu wawili kando yake, kidevu juu, na midomo yake ni ya mtu anayetaka kutabasamu.

"Huyu kaambiwa mwanawe yuko wapi, akaamini," akasema. "Usiku analala."

Nikadhani amemaliza. Nikanyoosha kidole kubonyeza.

"Siku ile ulisema kaongea. Alisema nini?"

Alikuwa bado ameukabili ule uso wa kwenye kioo, si mimi. Ningeweza kumpa sentensi moja. Nilikuwa nazo tayari, nzuri, nilizozitunga usiku mwingi kwa ajili ya siku ambayo angeniuliza.

"Hakuongea, Mama Mdogo. Sikumkuta hai. Hakuna aliyemkuta hai."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu. Akakaza kanga kiunoni, akakusanya vijiti na gazeti la kufungia mihogo, akalibeba karai. Akaniambia nimchukulie jiko, ila nitafute kitambaa, bado lina moto.