Honda CG 125 ya bwana shamba: nilivyoinunua na kuiunda upya Pemba

Ukienda kuangalia pikipiki ya zamani hapa Pemba, usianze na injini. Inama nyuma, chini ya siti, pale shokomzoba zinaposhikana na fremu, utazame kama iliwahi kubeba samaki. Tenga likifungwa nyuma kutoka Wesha au Mkoani, maji ya chumvi yanatiririka juu ya fremu njia nzima, yanaingia kwenye maungio na kukaa humo. Kwanza rangi inavimba. Baadaye ukigonga kwa mpini wa bisibisi, chuma kinatoa sauti ya bati. Injini iliyochoka hufunguliwa ikafungwa upya, mafundi wapo kila kijiji. Fremu iliyoliwa na chumvi utaichomelea leo pahala hapa, kesho itakatika pengine, na itakatika ukiwa juu yake.

Kwa kipimo hicho niliwaaga wauzaji kadhaa, wengine wakiwa na pikipiki zinazong'ara kweli kweli. Nilikuwa natembea na sumaku ndogo mfukoni. Chini ya rangi nzuri mara nyingi kuna puti ya kuzibia palipoliwa na kutu, na sumaku haishiki puti. Muuzaji mmoja aliniona naipitisha kwenye tangi lake akaniuliza kama natafuta majini.

Niliyoichukua ilikuwa upande wa Konde, kwa bwana shamba mstaafu. Honda CG 125 ya miaka ya mwisho ya 80, imesimama bandani chini ya makuti, kuku wamelala juu ya siti mpaka siti haijulikani rangi yake. "Hii haijapata kubeba samaki hata siku moja, mwanangu," mzee aliniambia. "Imebeba miche ya mikarafuu na mimi." Niliinama nyuma nikatazama. Kutu ilikuwepo, lakini ya juu juu, ile ya kahawia inayotoka kwa msasa. Nikagonga, chuma kikajibu.

Mtoto wa ami yangu, ambaye ndiye aliyenipakia kunipeleka Konde, alinivuta pembeni. "Shekhe, ongeza pesa kidogo uchukue Boxer mpya. Hii spea utazipata wapi?" Swali la maana, na ndilo lililonifanya niitafute CG tangu mwanzo. Pikipiki nyingi za zamani ni nzuri kutazama, lakini ukivunja kitu kimoja imekwisha, unaitia ndani kama pambo. CG haina shida hiyo. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa kuzifikiria nchi zenye barabara mbovu, mizigo mikubwa na watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Valvu zake zinasukumwa na fimbo, hakuna cheni ya ndani ya kulegea na kupiga kelele. Wachina wakaichukua injini hiyo wakaiiga kwa wingi, na pikipiki kama SanLG na Fekon zilizojaa Tanzania zimetokana na ukoo huo huo. Pakistan bado wanaendelea kuunda CG yenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nanunua mzee ambaye wajukuu zake wanauziwa spea kila duka.

Boxer na TVS, kwa faida ya anayetaka kujaribu, hazimo katika ukoo huo. Injini zake ni za aina nyingine, usidanganywe dukani kuwa zinaingiliana.

Mzee alitaka laki nane. Tulikaa barazani, tukanywa chai, tukaongea habari za karafuu na za mvua, tukakubaliana laki sita na nusu, na akanipa helmeti yake ya zamani ambayo sikuivaa ila nimeiweka kwa heshima. Kabla ya kuhesabu pesa nilimwomba kadi, tukalinganisha namba ya fremu iliyopigwa kwenye shingo na namba ya injini. Zilikuwa sawa na zilisomeka bila kukwaruzwa. Hapo usione haya hata kama muuzaji ni mkwe wako. Namba isipolingana na kadi, umenunua vyuma. Wiki hiyo hiyo tukaenda pamoja ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kubadilisha jina, nikakata bima na kulipia leseni ya njia. Mzee alikuwa na risiti zake zote kwenye mfuko wa plastiki, za miaka na miaka.

Ilikuja Chake Chake juu ya gari ya mizigo. Sikujaribu hata kuiwasha, kwa sababu ya tangi. Ukimulika tochi ndani unaona kutu imebanduka kama magamba. Petroli ingesukuma uchafu ule wote kwenye kabureta. Nikalitoa tangi, nikaziba tundu la koki, nikatia lita kadhaa za siki nyeupe na kipande cha cheni kuukuu. Likawa linalala na siki, mchana nalitikisa. Kelele yake ilimfanya mama aniombe nikalitikise pwani. Siki ilipotoka nyeusi nikatia nyingine, mpaka chuma kikaonekana cheupe ndani. Baada ya hapo ni haraka: maji yenye magadi kuua ukali wa siki, maji safi, kukausha juani, halafu oili kidogo inazungushwa ndani. Ukichelewa nusu siku tu na unyevu wetu huu, kutu inaanza upya mbele ya macho yako. Juu ya hayo nikafunga filta ndogo ya plastiki kwenye mpira wa petroli, ile unayoona uchafu ndani yake. Ni kitu cha bei ya chai na mkate.

Injini tuliifungua kwa fundi mmoja wa Machomane ninayemwita ami, ingawa hatuna udugu. Ringi zilikuwa zimekwisha, silinda ina mikwaruzo. Pistoni ya CG 125 ni milimita 56.5 kama silinda haijachongwa, na hapa ndipo mtu anapopigwa: dukani kuna za 125 na kuna za 150 za ukoo huo huo, na ya 150 ni milimita 62. Kutoka mbali huwezi kuzitofautisha. Mimi nilichukua pistoni ya zamani nikaifunga kwenye gazeti nikaenda nayo, nikaziweka pamoja kaunta. Pistoni, ringi, silinda, gaskiti na sahani za klachi zote nilizipata. Kabureta ndiyo ilinibidi niagize Unguja ije na meli. Ami alipofunga kichwa alirekebisha tapeti, yaani nafasi ya valvu, kwa fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia, ya milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Wengine wanapima kwa kusikiliza. Ami aliniambia sikio lake lilishaharibiwa na jenereta, ndiyo maana ananunua fila geji.

Umeme ulikuwa mwepesi. CG za mwanzo ni volti 6, taa yake usiku kama kibatari, na balbu zake ni taabu kuzipata. Yangu ni volti 12, inatumia betri ile ile ya bodaboda.

Sasa kuibadilisha. Nilikuwa nimejaza simu picha za pikipiki za Ulaya zilizokatwa mkia, madigadi hakuna, siti nyembamba kama ubao, hendeli imeshuka chini. Zinavutia. Lakini fikiria mwezi wa Aprili, masika, udongo mwekundu wa njia ya kwenda shamba, tairi la nyuma halina madigadi. Unafika kazini mgongo wote umepakwa tope. Nami nafanya kazi Wete, skuli, mbele ya watoto. Kwa hiyo nikajiwekea sharti: hakuna kukata fremu, na chochote nitakachofunga kiwe cha nati na bolti, kiweze kutoka. Fremu ina namba, ina hesabu ya mzigo, na mkaguzi ana macho.

Madigadi ya nyuma nilibakisha ya asili, ya mbele nikaiongeza ulimi wa mpira kutoka kwenye tairi la gari. Kava la cheni, lile linaloziba cheni nzima, ndilo wanalolitoa kwanza watu wanaotaka pikipiki ionekane ya kisasa. Mimi nililigonga likanyooka nikalirudisha. Cheni yangu haioni mchanga wala maji ya bahari, nami huikaza mara chache sana kuliko wenzangu. Hendeli nikaweka pana kidogo na ya juu, kwa ajili ya milima yetu na kona zake. Indiketa za asili zilikuwa zimevunjika, nikaweka ndogo za duara. Vioo viwili, si kimoja.

Siti ilinichukua muda kuliko injini. Fundi wa makochi alinishauri tujaze usumba, maana ni imara na hauzami kama sponji la siku hizi. Ni kweli hauzami. Lakini makumbi ya nazi yanafukiwa pwani kwenye mchanga yakalainika kwa maji ya chumvi kabla ya kupondwa, na mimi nimehangaika muda wote huo kuikimbia chumvi, niiweke mwenyewe juu ya bamba la siti? Nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Tukatumia sponji gumu tabaka mbili, juu rekisini ya kahawia, uzi mweupe wa kushonea matanga ili mishono ionekane. Siti ina nafasi ya mtu mmoja na nusu. Nyuma yake kuna keria fupi aliyoiunda mchomeleaji, inabeba mkoba wa madaftari au kapu la ndizi, tenga haliingii. Hiyo ni makusudi.

Rangi ndiyo sehemu ninayojivunia. Fremu niliipiga msasa mpaka chuma, kila kona, kwa mkono, maana grainda inakula chuma chembamba. Kisha, badala ya rangi ya dukani ya magari, nilikwenda kwa mafundi wa boti pwani. Wao ndio wanaojua chumvi. Walinipa rangi ya kuzuia kutu wanayopaka kwenye vyuma vya boti, tabaka mbili, na juu yake nyeusi ya boti. Haina mng'aro wa kioo, ukiiona karibu utaona alama za brashi. Tangi nililipeleka kwa fundi rangi likapulizwa kijani iliyokolea, na mstari mmoja wa rangi ya maziwa ubavuni. Nembo ya Honda ya zamani, ile yenye mbawa iliyokwaruzika, niliisafisha tu nikairudisha ilivyo.

Kuendesha nilijifunza Gombani, asubuhi kabla jua halijapanda, mtoto wa ami akikimbia pembeni akinipigia kelele niachie klachi polepole. Ana haki ya kunipigia kelele, alinipakia bure muda wote huo. Ringi zikiwa mpya haitakiwi kuikamua, kwa hiyo mwanzo niliiendesha taratibu, bila kuisukuma milimani, nikabadilisha oili mapema kutoa vumbi la chuma. Uzuri wake kwa anayeanza ni huo: haina papara. Ukikosea gea inanung'unika tu, haikurushi. Nilipopata leseni ndipo nikaanza kwenda nayo Wete.

Napita barabara ya zamani, yenye kona na miembe. Msimu wa karafuu ni lazima upunguze mwendo kila kijiji, kwa sababu majamvi ya karafuu yameanikwa ukingoni mwa lami, na mwenye karafuu hatakusamehe ukimrushia mchanga. Kuna bibi mmoja ambaye sasa anaitambua kwa mlio, huinua mkono kabla sijatokea konani. Kila Ijumaa baada ya sala naiosha kwa maji ya kisima, hasa chini, kisha naikausha. Watu hupaka oili chafu chini ya fremu. Inafanya kazi kweli, ila inashika vumbi na inaozesha mipira, kwa hiyo mimi hupaka gresi kidogo kwenye maungio tu.

Nikijumlisha kila kitu, bei ya kununua na matengenezo, nimetumia chini ya pesa ya Boxer mpya, ingawa si kwa mbali sana, na mtoto wa ami hunikumbusha hilo. Kilichobaki ni breki ya mbele. CG yangu ni ya ngoma mbele na nyuma, na kushuka mlima ukiwa na mtu nyuma lazima uanze kushika mapema kuliko mwenye diski. Nilishabadilisha kebo, sasa nasubiri breki shuu nzuri kidogo kutoka Unguja. Meli ikiingia Mkoani nitakwenda kuzichukua nayo hiyo hiyo, polepole.