Asilimia 0.01

Naandika hii kabla nisahau, ama kabla nianze kujidanganya vile ilienda.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 16 Agosti 2022, niko kwa kinyozi hapa Umoja, nusu ya kichwa imenyolewa nusu bado, ndio TV ikaonyesha wale makamishna wanne wa IEBC, tume ya uchaguzi, wakiongea hoteli ya Serena. Jana yake Chebukati, mwenyekiti wao, alikuwa amemtangaza Ruto mshindi pale Bomas, asilimia 50.49 kwa 48.85, na mimi nilikuwa nimepigia Baba, yaani Raila, kura kwa hivyo usiku sikulala, niseme tu ukweli. Sasa hawa wanne wanasema ukijumlisha asilimia za wagombea wote unapata 100.01, na hiyo 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000.

Aki nilisikia kama mtu ameniokotea waleti. Nikatoa mkono chini ya kile kitambaa cha kinyozi nikaandikia grupu ya familia, "142,000!! Si tulisema?" Anti yangu wa Kisumu akajibu na makofi kabla hata nirudishe simu mfukoni.

Kinyozi alikuwa wa upande ule mwingine na hakuwa anaficha, alikuwa amebandika picha ya wilibaro, alama ya chama cha Ruto, kwa kona ya kioo. Akazima mashine.

"Boss, kura zote zilikuwa ngapi?"

"Milioni 14.2 hivi."

"Asilimia moja ya hiyo ni ngapi?"

Nikafungua kalkuleta, nikapiga 14,200,000 mara 0.01, ikaleta 142,000, nikamwonyesha nikiwa nimefurahi sana. Akacheka. "Hiyo ni asilimia moja nzima. Wao wamesema sufuri nukta sufuri moja. Gawa tena kwa mia." Nikagawa. 1,420. Nikarudia, 1,420. Na hata hizo hazikuwa kura za mtu, ni vile asilimia ya kila mgombea imekatwa ibaki na desimali mbili, ingine ikipandishwa kidogo ingine ikishushwa, ukijumlisha inaweza kuzidi kiasi. Hiyo nilielewa hapo hapo kwa kiti, na nikakasirika, lakini si na wale makamishna, nilikasirikia kinyozi.

Kwa benchi alikuwa ameketi Mwalimu, mzee mstaafu wa hesabu anayefunza msichana wangu tuisheni. Shule zilikuwa zimefungwa sababu ya uchaguzi, na wiki hiyo hiyo walikuwa wanafanya asilimia. Nikampea simu awe refa. Akavaa miwani, akaangalia, akavua miwani.

"Mwalimu, ni sawa?"

"Hesabu za kura si kama za darasani, kijana."

Na Mwalimu alikuwa wa Baba kama mimi. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Nikaona nisiaibike peke yangu, nikamrudia kinyozi. Nikamuuliza, na 2017 je, tarehe 1 Septemba, si Korti ya Juu ilifuta ushindi wenu, wa Uhuru na Ruto, ikasema uchaguzi haukufanywa kwa sheria? Akawasha mashine. "Hiyo ilikuwa siasa ya majaji tu." Mtu aliyegawa kwa mia vizuri hivyo! Halafu 2022 hiyo hiyo, tarehe 5 Septemba, majaji wote saba walipotupa kesi yetu ya kupinga matokeo, nikapita hapo nikamsikia akisema Kenya iko na korti safi. Na zile fomu 34A, za matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa wazi kwa mtandao, lakini pale kinyozi hatukuwahi kufungua hata moja, hata mimi, tulikuwa tunangoja mtu wa upande wetu atuambie ziko namna gani.

Jioni ya ile Jumanne meseji ya 142,000 ikanirudia kutoka kwa grupu ya kanisa, mtu ameongeza bendera tatu. Nikaandikia familia, "Jameni kuna makosa kwa hiyo hesabu," nikaangalia hayo maneno, nikafuta. Anti angeuliza nimelipwa ngapi. Sikuwahi kuirekebisha.

Jumamosi Mwalimu akaja kama kawaida, hatukutaja kitu, akanywa chai akaenda. Nikafungua daftari la mtoto. Tafuta asilimia 0.5 ya 2,000. Alikuwa ameandika 1,000, Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu, na kando akaandika pole pole: umesahau kugawa kwa 100.