Hita juani
Mshale wa joto la injini ya gari ulikuwa umeshagusa nyekundu ndipo mume wangu akakiri kwamba alikuwa anauona ukipanda tangu tutoke nyumbani. "Nilidhani utashuka wenyewe." Sikumjibu, watoto walikuwa wanasikiliza.

Tukazima kiyoyozi, tukawasha hita hadi mwisho. Ndiyo, hita, na jua lile! Inavuta joto la injini na kulileta ndani, kwa hiyo tuliokaangwa ni sisi. Mdogo akauliza tumekosa nini.

Tulipoegesha, mvuke ulikuwa unafoka pembeni mwa boneti. Baba mtu akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta, kile kipoza maji ya injini, nikapiga ukelele. Maji ya humo yamebanwa, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanakurukia usoni. Tukasubiri karibu saa nzima, wanne chini ya shuka moja.

Kumbe ni mpira wa rejeta, una ufa mdogo kama ukucha wa mtoto. Tukaufunga kwa utepe, tukajazia maji yetu ya kunywa, tukageuza kurudi polepole. Vikapu vya chakula hata havikushushwa.