Kuufuata moshi kinyumenyume: nilipofikia

Sensa yangu, kifaa cha kupima uchafu wa hewa, inanipa namba tu. PM2.5, yaani chembe ndogo sana zinazoelea hewani, ikipanda usiku wa manane na hakuna anayechoma kitu karibu, nabaki kujiuliza uchafu huo umetoka wapi. Kwa hiyo nimeiacha kwanza, najifunza kwa matukio ambayo chanzo chake kinajulikana.

Nilianza na moshi uliogeuza anga la New York kuwa rangi ya chungwa Juni 2023. Niliingia HYSPLIT, programu ya NOAA (shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari) inayochora njia ya hewa na kutumika bure mtandaoni, nikaiambia ifuate hewa kurudi nyuma saa 72 kutoka tarehe 7. Mistari ikapanda kaskazini hadi Quebec, Kanada. Kwenye ramani ya moto ya FIRMS, ya NASA, hapo hapo pamejaa nukta nyekundu. Rahisi mno, na hainifundishi kitu.

Vumbi la Sahara lililofika Karibi Juni 2020 ndilo lililonikalisha chini. Nikianzia mita 100 juu ya bahari, siku tano nyuma hewa bado iko Atlantiki. Nikianzia mita 3,000, naikuta Afrika. Vumbi lile husafiri kwenye tabaka la hewa kavu lililo juu ya hewa ya baharini, halafu chembe hushuka polepole njiani. Mstari wa chini unaonyesha hewa unayovuta ilikotoka, si lazima uonyeshe vumbi lililomo lilikotoka. Sasa kila tukio nalifuatilia kwa vimo vitatu au zaidi, na mistari ikitawanyika sana sitaji chanzo.

Tena mstari wenyewe una kosa lake: kwa kawaida karibu asilimia 20 ya umbali. Hewa ikisafiri kilomita 1,000, basi kilomita 200 huku na huku ni za kubahatisha. Kutaja kiwanda fulani kwa ushahidi huo ni uchawi.

Ndiyo maana nimeunganisha pampu ndogo na karatasi ya kuchujia. Moshi huacha doa la kijivu kinachoelekea weusi, vumbi huacha rangi ya udongo. Sensa za leza za bei nafuu haziwezi kunitofautishia hayo: chembe kubwa zinazikisia tu, na unyevu ukizidi, chembe huvimba na namba hupanda bure.

Kinachofuata ni mvua. HYSPLIT huonyesha pia mvua iliyonyesha njiani, na hewa iliyopita kwenye mvua kubwa imeshaoshwa. Mistari ya namna hiyo nitaipa uzito mdogo kabla sijagusa data ya sensa yangu.